"Waifai imejaa ila haifunguki": tuielewe ruta ya nyumbani kabla ya kumwita fundi

Juzi saa tatu usiku mama mkubwa kanipigia kutoka Ilomba, hapa hapa Mbeya. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya haraka haraka halafu akamwaga: "Mwanangu hii waifai imejaa lakini haifunguki, na jana tu fundi kaja nimempa elfu kumi na tano." Nikamuuliza huyo fundi alifanya nini. Alizima, akawasha, akanywa chai, akaondoka.

Hiyo sentensi ya "imejaa ila haifunguki" naisikia karibu kila wiki, iwe Mwanjelwa, iwe Uyole, hata kwa ndugu zangu wa Iringa, na tangu faiba ianze kuvutwa mitaani na ruta za laini ziwe zinauzwa kila duka la simu ndo imezidi kabisa. Watu wanalipia, taa zinawaka, vile vimistari kwenye simu vimejaa vyote, na bado video inazunguka tu. Sasa leo nataka tuichambue taratibu, maana tatizo kubwa sio ruta, tatizo ni kwamba tunaita vitu viwili tofauti kwa jina moja.

Waifai sio intaneti. Naomba hapo tuelewane kwanza, mengine yote yatakaa sawa yenyewe.

Chukulia umeagiza mzigo Dar. Unapakiwa kwenye basi, unapita Morogoro, unapanda ule mlima wa Kitonga, unaingia Iringa, Makambako, mpaka stendi hapa Mbeya. Pale stendi unaushusha, unaita bajaji, bajaji inakuletea mpaka mlangoni. Basi ndo intaneti. Bajaji ndo waifai. Ruta ni yule jamaa wa ofisi ya mizigo pale stendi mwenye daftari, anayejua huu boksi ni wa nani na ule ni wa nani. Sasa siku lori limelala Kitonga na barabara imefunga, bajaji zitakuwa zimejaa stendi, tena zimepangana vizuri na madereva wanapiga soga, ila mzigo hakuna. Hiyo ndo maana ya imejaa ila haifunguki. Vile vimistari kwenye simu yako vinahesabu bajaji, havijui chochote kuhusu basi.

Na Kitonga ya intaneti ipo kweli. Nyaya zinazotuunganisha na dunia zinapita chini ya bahari na kutua Dar es Salaam, mbili zinazojulikana zaidi ni SEACOM iliyoanza 2009 na EASSy iliyoanza 2010, halafu toka Dar mawasiliano yanasambaa mikoani kwa nyaya za faiba. Tarehe 12 Mei 2024 hizo mbili zilikatika siku moja na nchi nzima ikahangaika, mnakumbuka. Siku ile kuna watu walinunua ruta mpya. Ruta! Wakati waya umekatika baharini.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, jiulize kilichokwama ni basi au bajaji. Kujua ni rahisi. Ukiwa umeunganishwa na waifai, fungua programu ya kuperuzi kwenye simu, ile sehemu ya juu kabisa ya kuandikia anwani (sio kule kwenye kisanduku cha kutafutia) andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1, au namba yoyote iliyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa ruta. Kama unatumia bando la simu pia, lizime kwanza lisije likakuchanganya. Ukurasa wa ruta ukifunguka maana yake simu na ruta zinaongea vizuri, bajaji ni nzima, tatizo liko upande wa basi, kuanzia ule waya unaoingia kwenye ruta kwenda nje. Usipofunguka, tatizo liko humo humo ndani kwako, kati ya simu na ruta. Basi. Hapo umeshamzidi fundi wa elfu kumi na tano.

Wengi wanaiogopa hiyo namba wakidhani ni ya siri au ni ya kampuni. Sio ya mtu. Anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani tu, kama vile kila nyumba inaweza kuwa na "chumba cha kwanza kulia" bila kugombana na nyumba ya jirani. Ruta inagawa namba za vyumba kwa kila simu na TV inayoingia, ila huko nje nyumba nzima inajulikana kwa anwani moja, na jamaa wa daftari ndo anakumbuka nani aliomba nini. Ukiangalia kwenye simu ukakuta imepewa namba inayoanza na 169.254 ujue hapo hajapewa chumba, kajipangia mwenyewe baada ya kugonga mlango bila kujibiwa. Zima waifai ya simu uwashe, ikigoma zima ruta.

Tukija kwenye kuzima. Kuna kurestati na kuna kuriseti, na hapa watu wameumia. Kurestati ni kuchomoa umeme, unahesabu kama nusu dakika hivi, unarudisha. Inasaidia kweli sio uchawi, maana ruta ni kompyuta ndogo yenye memori ndogo, ikikaa wiki nyingi bila kupumzika lile daftari linajaa na mambo yanaanza kukwama. Nusu dakika ni kwa sababu ndani yake kuna vipande vinavyobaki na umeme kidogo, ukichomeka papo hapo anaweza kuamka na uchovu wake ule ule. Kuriseti sasa ni kitu kingine kabisa. Kile kitundu cha nyuma kinachotaka pini, ukikibonyeza kama sekunde kumi unafuta kila kitu, jina la waifai, neno la siri, na kwenye ruta nyingi za faiba hata zile setingi ambazo kampuni iliweka ili ikutambue kuwa wewe ni mteja wao. Shemeji yangu wa Kihesa alichukua sindano ya kushonea akakichoma, kaambiwa na rafiki yake kwamba spidi itaongezeka. Alikaa siku nne bila mtandao akisubiri waje wamrudishie setingi. Sasa hivi ukimwambia neno sindano anakasirika.

Kama ni mara ya kwanza unafunga ruta, kazi sio kubwa. Ya laini unaweka laini kwanza, unaichomeka dirishani upande ulipo mnara, unasubiri taa zitulie. Ya faiba, waya unaotoka kwenye kile kiboksi cha kampuni unaingia kwenye tundu moja tu ambalo limetengwa na mengine, mara nyingi lina rangi yake au limeandikwa WAN, hayo mengine manne ya pembeni ni ya kugawa ndani. Ukiukosea hapo utakesha. Halafu unasoma jina na neno la siri kwenye ile karatasi ya mgongoni, unaingia, unafungua ile anwani ya 192.168, na hapo unabadilisha vitu viwili ambavyo watu wanadhani ni kimoja: neno la siri la kuingia waifai, na neno la siri la kuingia kwenye setingi za ruta yenyewe. La pili ndo linasahaulika, ruta nyingi linabaki admin na admin miaka yote, maana yake mpangaji yeyote aliyewahi kupewa waifai anaweza kuingia akabadilisha na kukufungia wewe mwenye nyumba nje. Kwenye sehemu ya usalama chagua WPA2 au WPA3 kama ipo, ukikuta WEP ni ya zamani inavunjika kirahisi mno. Na kuficha jina la waifai lisionekane sio ulinzi, ni kama kung'oa kibao cha namba ya nyumba huku mlango uko wazi, anayetafuta anakuona tu.

Neno la siri lenyewe liwe refu. Maneno manne yasiyohusiana, yaliyounganishwa, ni bora kuliko namba yako ya simu ambayo mtaa mzima wanayo. Na ujue simu za siku hizi zinatoa ile picha ya vidoti ya kuskani, kijana mmoja akipewa jioni, asubuhi uwani kote wameshaingia. Ukiona bando linaisha kimiujiza angalia kwanza orodha ya vifaa kwenye ruta kabla ya kulaumu kampuni. Mara nyingine hata sio wezi, ni simu za humo humo ndani zinajiapdeti usiku na picha zinajihifadhi mtandaoni zenyewe, zikiona waifai zinajiachia kwa sababu zinadhani ni ya bure.

Sasa mahali pa kuiweka, na hapa ndo pana utamu. Nyumba zetu huku nyingi ni za tofali za kuchoma, ukuta mnene, na mvua zikianza Novemba mpaka zije ziishe mwezi wa tano huko, kuta nyingi zinanyonya unyevu. Waifai ni mawimbi ya redio na maji yanayanyonya. Tanki la maji, ukuta wenye unyevu, hata kundi la watu waliojazana sebuleni siku ya kikao cha harusi, vyote vinapunguza. Bati ni mbaya zaidi, lenyewe linayarudisha kabisa, kwa hiyo kama vyumba vya uani vimezungushiwa bati usitegemee muujiza. Kioo cha kujitazamia nacho kina madini nyuma yake, usiiweke ruta mbele ya kabati la vioo.

Ruta za kisasa zinatoa mawimbi ya aina mbili, utaona majina mawili, moja linaishia na 5G. Hiyo 5G ya hapo sio ile 5G ya mnara, ni gigahazi 5, na nyingine ni gigahazi 2.4. Tofauti yake umeshaisikia kwa masikio yako. Baa ya jirani ikipiga muziki usiku, ukiwa kitandani unachosikia ni besi tu, du du du, sauti ya mwimbaji hauisikii. Besi ni mawimbi marefu yanapenya ukuta, sauti nyembamba inakwamia njiani. 2.4 ndo besi yenyewe, inafika mpaka jikoni na uani ila mwendo wake wa pole. 5 inakimbia sana ila vuka kuta mbili za tofali za kuchoma uone. Kwa hiyo TV iliyo chumba kimoja na ruta iweke kwenye 5, simu ya binti wa jikoni iache kwenye 2.4. Watu wanaozima moja kwa sababu wamesikia nyingine ni mbaya wanajinyima bure.

Ubaya wa 2.4 ni msongamano. Ina chaneli nyingi kwa hesabu lakini zinazopishana bila kugusana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Maeneo kama Soweto yetu ya hapa Mbeya ambako nyumba zimebanana unaweza kukuta ruta kumi na tano zinagombania hizo tatu, ni kama watu wote mnaongea kwenye chumba kimoja. Kuna programu za bure za simu zinaonyesha chaneli ipi imejaa, nenda kwenye setingi hamia yenye watu wachache. Oveni ya maikrowevu nayo inafanya kazi jirani kabisa na hapo, kama gigahazi 2.45, ndo maana wali ukipashwa simu inakatika.

Antena sasa. Watu wanazielekeza kama mkuki, ncha inatazama chumbani kwao. Kumbe mawimbi hayatoki kwenye ncha, yanatoka ubavuni, picha yake ni kama umechukua tairi la baiskeli ukalipitisha kwenye antena, tairi ndo eneo lenye nguvu na ncha ndo penye udhaifu. Nyumba ya chini zisimamishe wima. Ya ghorofa moja laza mojawapo. Na idadi ya antena sio idadi ya spidi, kuna ruta zina antena nane za mapambo tu.

Spidi yenyewe ina mtego wake. Kampuni inakuambia 10 Mbps, wewe unashusha filamu unaona inasoma megabaiti 1 na kitu kwa sekunde, unapiga simu kwa hasira kwamba wamekuibia. Hawajakuibia. Ile b ndogo ni biti, na baiti moja ni biti 8, gawa 10 kwa 8 unapata 1.25. Filamu ya megabaiti 700 hapo itachukua dakika 9 na kidogo, tena kama uko peke yako. Mkiwa watano mnagawana. Ukitaka kupima ukweli chomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta, pima, halafu pima kwa waifai ukiwa chumbani. Ya waya ikiwa sawa na ya chumbani ikawa robo, kampuni haina kosa, ukuta wako ndo una kosa.

Taa nazo zisome, zinaongea. Kwenye kiboksi cha faiba kuna taa imeandikwa LOS, ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki, faiba ni uzi wa kioo na ndani yake unapita mwanga, sio umeme. Kwa hiyo ukiukunja kama waya wa pasi ili upite nyuma ya kochi, mwanga unavujia pale kwenye kona. Panya nao wanaupenda. LOS ikiwa nyekundu usihangaike na setingi yoyote, angalia kama umebanwa au umekatwa, haujaguswa popote basi piga simu kwa kampuni na uwataje hiyo taa, utaona wanavyokuchukulia tofauti na yule anayesema "haifanyi".

Kwa wa laini kuna kisa kingine, WhatsApp inaingia lakini kurasa zingine hazifunguki. Kabla ya yote angalia bando, wengi wamenunua la mitandao ya kijamii bila kujua. Kama bando ni zima, inawezekana ile huduma inayotafsiri majina ya tovuti kuwa namba (inaitwa DNS) imelala, kwenye setingi palipoandikwa DNS unaweza kuweka 8.8.8.8 au 1.1.1.1, ambazo ni anwani za huduma kama hiyo, ukajaribu. Na kama simu ni moja tu inayokataa kurasa huku wengine wanaendelea, tazama saa na tarehe ya hiyo simu, ikiwa imerudi nyuma miaka kurasa nyingi salama zitakataa kufunguka. Nimeikuta hii mara tatu na kila mara wameshabadilisha ruta kwanza.

Umeme huu wetu nao usiusahau. Hapa nikiri la kwangu: adapta ya ruta ilikufa, nikachukua nyingine iliyokuwa kwenye droo, kichwa kinaingia vizuri, imeandikwa volti 12 kama ya mwanzo. Ruta ikawaka. Ila kila jioni tukijaa ndani inajizima na kujiwasha, wiki mbili nawapigia watu wa kampuni kelele, mpaka siku nimevaa miwani nikaisoma vizuri, ruta inataka ampia 1 na ile adapta inatoa nusu. Mchana na simu moja inajikongoja, jioni mzigo ukizidi inazimia. Kwa hiyo soma vyote viwili, volti ziwe sawa kabisa, ampia ziwe sawa au zizidi. Ya king'amuzi inaweza kuingia kwenye tundu na isiwe yake. Na ukiona dalili za radi chomoa mapema kabla hazijafika, sio kuzima swichi, chomoa ukutani, kama una antena ya nje na waya wake nao toa. Milima hii na radi zake sio za kuzichezea.

Na yale ya mionzi? Naulizwa sana hasa na kina mama wenye watoto wachanga. Mawimbi ya waifai ni ya redio, hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksrei inavyoweza, na ruta inatoa nguvu ndogo, kama sehemu moja ya kumi ya wati. Simu unayoibana sikioni iko karibu nawe kuliko ruta iliyoko sebuleni. Ukitaka kuizima usiku zima, utaokoa umeme na bando, ila sio kwa woga.

Kesho yake jioni nilipita Ilomba. Ruta ilikuwa ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya kioo, katikati ya sufuria za seti ambazo hazijawahi kupikiwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya marehemu babu. Imechemka, unaweza kupashia chapati. Nikafungua 192.168.1.1 kwa simu nikiwa sebuleni, ukurasa ukaja kwa kusuasua ila ukaja, ndani imeandikwa haijaunganishwa na nje. Nikafuata waya unaoleta intaneti, nikakuta umepitishwa kwenye bawaba ya mlango wa kabati, kila wakitoa sahani wanaubana. Ndo maana fundi akizima na kuwasha ilikuwa inakubali: ili aifikie ruta anafungua mlango, waya unapumua. Akishaondoka, mama anafunga kabati lake.

Tukaitoa tukaiweka juu ya kabati, waya tukaupitisha nyuma kwa kona ya duara. Kitambaa hakukubali kitolewe, nikajaribu kumweleza habari ya joto akaniangalia tu. Tukaelewana kitandikwe chini yake.